Kitabu Kisicho na Msomaji

Rafu ya mwisho ya chumba cha pili ilikuwa imeondolewa pamoja na ukuta uliokuwa nyuma yake. Mahali pake palikuwa na viti vitatu vya sponji, kimoja cha rangi ya chungwa, kimoja kijani na kimoja zambarau, vyote vifupi kiasi kwamba mtu mzima akivikalia hulazimika kuyatazama magoti yake. Testa alisimama mbele ya viti hivyo akiwa na daftari kwapani. Alihesabu hatua kutoka dirishani: saba. Akarudi dirishani na kuhesabu upya, kana kwamba rafu ya chuma iliyomzidi kimo ingeweza kupotea kwa kosa la hesabu. Zilikuwa saba.

Maktaba ilikuwa imefungwa miezi minne kwa ajili ya ukarabati. Jumatano hiyo ya kufunguliwa aliomba ruhusa ya nusu siku kazini, akafika kabla mlango haujafunguliwa, na akawa mtu wa tatu kuingia. Wawili waliomtangulia walikuwa wamekuja kutumia choo.

Jina la Testa alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya bisibisi ya kupimia umeme ambayo haikupata kutoka mfukoni mwa shati lake ila kwa kazi. Katika miaka ishirini na mmoja alikuwa ametandaza nyaya katika shule mbili, zahanati moja na nyumba nyingi asizokumbuka idadi. Kwenye karatasi hakuwa ametandaza hata mita moja. Karatasi zote zilitiwa saini na mwajiri wake, ambaye ndiye aliyekuwa na leseni, na ambaye mafundi walimwita Bwana Saini bila yeye kuchukia. Sasa bodi ya leseni ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia mwezi ujao hakuna mkono utakaogusa waya bila leseni ya mwenye mkono huo. Mtihani ulikuwa Jumatatu, siku kumi na tisa mbele. Haukuuliza kama mtu anajua kufunga swichi. Uliuliza ni kifungu namba ngapi kinachoruhusu swichi hiyo ifungwe hapo, na ni jedwali namba ngapi linalotaja unene wa waya wake. Majibu yote yalikuwa katika kitabu kimoja kinene chenye jalada la kijivu, *Kanuni za Utandazaji wa Nyaya za Umeme*, ambacho wizara ilikichapa mara moja, miaka tisa iliyopita, kisha ikaendelea na mambo mengine.

Nakala ya maktaba ilikuwa kwenye rafu ile. Kwa miaka miwili, mara tatu kwa wiki, Testa alifika saa kumi na nusu jioni na vumbi la saruji kwenye nyusi, akaketi, akanakili mpaka saa kumi na mbili. Kadi ya kuazimia hakuwa nayo. Kadi ilitaka barua ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba wake hakutaka iandikwe popote kwamba ana wapangaji. Kwa hiyo alinakili. Alijaza madaftari manne. Maktaba ilipofungwa alikuwa amemaliza sura ya tisa kati ya kumi na nne. Zilizobaki zilihusu waya wa ardhi, vyumba vyenye maji, majengo ya umma, vipimo na adhabu.

Kwenye dawati la mapokezi hapakuwa na mtu. Palikuwa na mashine yenye kioo kilichoandikwa *Karibu. Gusa hapa.* Aligusa. Mashine ikaomba namba ya kadi. Aligusa tena, ikaomba tena. Hatimaye alitokea msichana mwenye beji iliyosema Meneja wa Huduma kwa Wasomaji, akaizima sauti ya mashine kwa kidole kimoja, kama mtu anayemnyamazisha mtoto wa mgeni.

"Karibu sana, baba. Umeona tulivyobadilika?"

"Nimeona. Naulizia rafu iliyokuwa pale."

"Pale sasa ni Kona ya Mapumziko."

"Na vitabu vyake?"

"Unatafuta kipi hasa?"

Alimtajia. Meneja aliandika, akasubiri, akaandika tena.

"Kipo," alisema. "Yaani kilikuwepo. Kimeondolewa. Hakikuwa na msomaji."

"Msomaji wake ni mimi."

"Kwa kadi namba ngapi?"

"Sina kadi. Nilikuwa nakisomea hapahapa."

"Basi kwenye mfumo hakikusomwa." Aligeuza kioo cha kompyuta ili Testa ajionee. Kuazimwa: sifuri. Kusomewa mezani: sifuri. Sifuri hizo zilishuka mwaka hadi mwaka, zimenyooka kama shanga. "Tusingeweza kukiacha, baba. Maelekezo yalikuwa wazi, kitabu kisichotumika kinachukua nafasi ya mtu."

"Nafasi ya mtu gani?"

Meneja alivitazama viti vya sponji. Hakuna aliyekuwa amekaa.

"Wa jamii," alisema.

Testa aliuliza kitabu kilipelekwa wapi. Meneja alimpa kipeperushi. Kilikuwa na karatasi nzito ya kung'aa na kilieleza kuhusu mkutubi wa mtandaoni anayejibu ndani ya dakika mbili, Saa ya Hadithi kwa watoto, Klabu ya Usomaji kwa wenye kadi, semina ya kuandika barua ya kuomba kazi, na Wiki ya Jamii ambayo kilele chake kingekuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya picha ya mti mchanga, paliandikwa kwamba vitabu vya zamani vimepewa maisha mapya.

"Maisha gani?"

"Hilo aulizwe mtu wa Idara ya Miradi. Mimi niko huduma." Alimpa pia fomu. "Lakini unaweza kupendekeza kitabu kinunuliwe. Kamati inakaa kila baada ya miezi mitatu."

"Itakaa lini?"

"Ilikaa jana."

Nje ya mlango, kwenye kiti cha plastiki, aliketi mwanamke mzee aliyevaa fulana mpya ya maktaba iliyomzidi mabega. Hapo awali yeye ndiye aliyekuwa mhudumu wa rafu, na wasomaji wa jioni walimwita Bibi wa Rafu. Mapajani alikuwa na rundo la vipeperushi. Alimpa kimoja kila aliyeingia na kila aliyetoka, na alipomwona Testa anacho alimpa cha pili kwa mazoea.

"Umekikosa," alisema. Hakuwa anauliza.

"Wanasema hakikuwa na msomaji, bibi. Mezani sifuri. Mimi nimekaa meza ile miaka miwili."

Bibi wa Rafu alizipanga kingo za vipeperushi mpaka zikalingana.

"Kile kibao cha mezani ulikuwa unakisoma?"

Kila mtu alikuwa amekisoma. Kila meza ilikuwa nacho: *Tafadhali usirudishe kitabu rafuni. Kiache mezani.* Na hakuna aliyekitii. Magoti ya Bibi wa Rafu yalikuwa yamevimba tangu Testa amfahamu. Alipanda ngazi fupi ya rafu huku akiguna kila kidato, na akishuka alisimama kwanza chini, ameshika chuma, akisubiri maumivu yamalize shughuli zao. Kwa hiyo wasomaji wa jioni walijiwekea utaratibu wao. Kila mmoja alikirudisha kitabu chake mahali pake halisi, mgongo nje, kisha akaifuta meza kwa kiganja. Testa ndiye aliyewafundisha wageni. Kuna mwanafunzi mmoja aliyewahi kuacha vitabu vitatu mezani, naye Testa alimfuata hadi barazani kumwuliza kama kwao hawana mama.

"Tulikuwa tunayahurumia magoti yako," alisema.

"Najua, mwanangu. Na mimi nilikuwa nashukuru, Mungu ananiona. Sasa sikiliza. Jioni mkishatoka nilikuwa nazunguka na daftari. Kitabu kilicho mezani, kijistari kimoja. Kingine, kijistari. Hiyo ndiyo hesabu iliyokuwa inapelekwa makao makuu. Nazunguka, meza nyeupe. Naandika sifuri. Kesho meza nyeupe, sifuri. Walipokuja na kompyuta zao wakalimeza daftari langu kama lilivyo."

"Lakini ulikuwa unatuona! Si ungeandika tu?"

"Niliambiwa nihesabu vitabu. Watu hawakuwa kwenye daftari."

Mtu alitoka. Alipewa kipeperushi.

"Ungeniachia mezani, mwanangu," Bibi wa Rafu alisema. "Hata siku mojamoja. Ningeguna, ningepanda."

Testa alivikunja vipeperushi vyake viwili, akavitia ndani ya daftari. Aliuliza kwa nini sasa amewekwa mlangoni.

"Rafu zimebaki nne. Nne wanasema hazihitaji mtu. Mimi niko hapa mpaka Wiki ya Jamii iishe, halafu wataniandikia."

"Watakuandikia nini?"

"Ndiyo hiyo sijaandikiwa."

Bwana Saini alikuwa na nakala yake. Testa aliifahamu kwa sababu ilikuwa chini ya feni ya mezani ofisini, ikiinyanyua feni hadi kimo cha uso wa Bwana Saini. Alhamisi asubuhi, kabla ya mafundi kugawiwa kazi, aligonga mlango na kuingia na kofia mkononi.

"Kitabu changu hakitoki ofisini," Bwana Saini alisema.

"Nitakisomea hapahapa, bosi. Saa ya chakula."

"Saa ya chakula ofisi inafungwa."

"Basi jioni."

"Jioni na mimi nina kwangu, Testa. Au unataka nikuachie funguo?" Alicheka kidogo, akiiachia feni nafasi ya kuvuma. "Hivi wewe una haraka gani na leseni? Nimewahi kukulaza njaa?"

"Hapana, bosi. Ila bodi imesema—"

"Bodi nimeshazungumza nayo. Asiye na leseni hagusi waya, sawa. Kubeba je? Kubeba si kugusa. Mtu atabeba, atachimba njia ukutani, atashika ngazi. Huwezi kukosa cha kufanya kwangu."

"Kubeba ni kibarua, bosi."

"Kibarua ni kazi."

"Nikifaulu nitabaki kwako. Siendi popote."

Bwana Saini alimtazama kwa upole, kama mtu anayekagua kazi ambayo hawezi kuikosoa.

"Ukifaulu," alisema, "utatia saini yako. Sasa mimi nitatia wapi?"

Testa aliitazama feni. Waya wake ulikuwa umechubuka karibu na plagi. Alikuwa ameshalisema hilo mara mbili.

"Halafu," Bwana Saini alisema, "Jumamosi ya wiki ijayo mje maktaba, wewe na wenzako, na ovaroli safi. Wamenialika niongee na mafundi kwenye hicho kilele chao. Mada wamenipa wenyewe: 'Fundi, Kitabu Chako Kiko Hapa.' Sitaki niongee na viti. Itahesabiwa kama siku ya kazi."

Siku zilizofuata Testa alizunguka. Idara ya Miradi ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo jingine, na mtu wake alikuwa kwenye warsha ya miradi. Aliporudi siku ya pili warsha ilikuwa imeongezwa siku. Shule ya jirani iliwahi kupokea maboksi kutoka maktaba, lakini yalikuwa ya viti. Gerezani, alikosikia kwamba vitabu vikuukuu huwa vinapelekwa, mlinzi wa lango alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama ana ndugu ndani, na aliposikia hana, akamshauri arudi akiwa naye. Kwa wauza vitabu vya mitumba barabarani alikipata *Kanuni za Utandazaji* chenye jalada la kijani. Alikifungua palepale. Lilikuwa toleo la kabla, ambamo swichi ya sebuleni ilikuwa kifungu cha arobaini. Katika toleo la kijivu, na katika mtihani, ilikuwa cha sitini na mbili. Alikifunga akakirudisha mahali pake, mgongo nje.

Kazini alipanda dari na kushuka akisahau alichofuata. Mchana alifungua madaftari yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajiuliza maswali ya sura tisa, akayajibu yote, akafunga. Hilo halikumpa raha. Alikuwa kama mtu aliyepewa mlango na kitasa na bawaba, akaambiwa ufunguo upo kwa mtu fulani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea nyumbani, chumba hichohicho wanamolala na kula, na Jumanne jioni Testa aliporudi alikuta chumba kizima kimefunikwa na kitambaa cha bluu. Kilitoka kwenye cherehani, kikapita juu ya kitanda, kikateremka hadi mlangoni.

"Ruka," mkewe alisema bila kuinua macho. "Ukikikanyaga utakifua wewe."

Aliruka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, viatu mkononi.

"Umekipata?"

"Bado."

"Hicho kitabu kingekuwa mwanamke ningeshafungasha. Mtu analala anakitaja, anaamka anakitaja. Jana umeniita Kifungu."

"Sijakuita Kifungu."

"Umeniita. Nikaitika." Alikata uzi kwa meno. "Umeuliza kwa seremala?"

"Seremala wa nini?"

"Wa madawati, huyu wa nyuma ya soko. Pazia hili si lake? Mita sita, lina kamba ya kuvuta, la kufunikia kitu chake cha maktaba. Nilipokwenda kupima nikaona maboksi ya vitabu mpaka mlangoni. Nikasema, huyu naye anasoma lini?"

Testa alikuwa ameshavaa kiatu kimoja.

"Amefunga saa hii," mkewe alisema. "Na ukiruka vibaya nitakushona nalo."

Kesho yake alitoroka kazini saa nne, kwa kisingizio cha misumari. Karakana ya seremala ilikuwa ua wenye paa la bati upande mmoja. Harufu ya gundi ilimpokea mtaa mmoja kabla. Seremala mwenyewe alikuwa mtu mchangamfu mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye kope, na alifurahi kuulizwa.

"Vitabu? Umechelewa, kaka. Vimeondoka jana asubuhi."

"Vimekwenda wapi?"

"Vimerudi kwao."

"Maktaba?"

"Maktaba. Vyote, mia nne na kitu. Sikubakiza hata kimoja, nisije nikaambiwa nimeiba elimu."

Testa alijishika kwenye meza ya randa. "Kulikuwa na kimoja kinene, cha kijivu. Cha umeme."

"Vya kijivu vilikuwa vingi, vya serikali vyote ni kijivu. Hivyo nilivipanga katikati. Vinakaa vizuri sana na vyekundu." Seremala alionyesha kwa mikono, akipiga hatua nyuma kama aliyekuwa anavitazama. "Kazi safi, utaiona. Hata tetemeko lije, hakuna kitakachoanguka."

Testa alimshukuru mara tatu. Alirudi kazini bila misumari, akasahau kwamba ndiyo aliyofuata, na alipoulizwa alicheka. Vilikuwa vimerudi. Vimepangwa. Jioni alikwenda maktaba akakuta kibandiko mlangoni: *Tumefunga kwa maandalizi. Tukutane Jumamosi.* Alisimama hapo akapiga hesabu. Sura tano zilikuwa na kurasa mia moja na kumi na mbili. Kutoka Jumamosi hadi mtihani ni siku tisa. Kurasa kumi na tatu kwa siku, na siku ya mwisho chache zaidi. Akianza Jumamosi yenyewe, mara tu hotuba zitakapokwisha, inawezekana. Alinunua daftari la tano, akachonga penseli mbili.

Jumamosi mafundi kumi na wanane walikaa safu ya pili na ya tatu na ovaroli zilizopigwa pasi. Safu ya kwanza ilikuwa na karatasi zilizoandikwa *Mgeni Maalumu* na iliendelea kuwa na karatasi hizo mpaka saa tano. Ukumbi ulikuwa chumba cha kwanza na cha pili vilivyounganishwa. Testa alizitazama rafu nne kutoka alipoketi. Alizitazama moja baada ya nyingine, juu hadi chini. Kulikuwa na vitabu vya watoto, vya mapishi, vya dini na vya kufanikiwa. Upande wa kushoto, ukuta mzima ulikuwa umefunikwa kwa pazia la bluu, na Testa alitambua mshono wa mkewe.

"Mbona unachungulia kama mwizi?" jirani yake, fundi bomba, alimnong'oneza. "Chai italetwa, tulia."

Meneja wa Huduma alikaribisha. Alisema maktaba imeisikiliza jamii. Alisema idadi ya wanaoingia mlangoni imepanda maradufu, kama kifaa kipya cha mlangoni kinavyohesabu. Mlangoni, kwenye kiti chake cha plastiki, Bibi wa Rafu alisimama kumpisha mgeni maalumu aingie, akaketi, akasimama kumpisha wa pili.

Kisha akaitwa Bwana Saini. Aliongea bila karatasi. Alisema fundi asiyesoma ni hatari kwa nyumba na kwa taifa. Alisema yeye mwenyewe, jinsi walivyokuwa wakimwona pale, alianza na kitabu kimoja tu, na kwamba kitabu hicho kipo mezani kwake mpaka leo, hakiondoki. Mafundi walipiga makofi. Testa alipiga makofi pia, mara mbili, kisha akaona mikono yake inajikunyata mapajani.

"Leo hakuna kisingizio," Bwana Saini alisema. "Fundi, kitabu chako kiko hapa."

Meneja alivuta kamba.

Pazia lilifunguka vizuri, bila kukwama. Nyuma yake ukuta ulikuwa vitabu kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa cha mtu, migongo nje, vimebanana bila rafu na bila nafasi ya ukucha. Vilikuwa vimepangwa kwa rangi: bluu pembeni, kijani, nyekundu, na katikati mkanda mpana wa kijivu. Vanishi ilikuwa imepakwa juu ya vyote, tabaka juu ya tabaka, hata taa za darini zikaonekana ndani yake. Juu kabisa palikuwa na herufi za mbao: UKUTA WA MAARIFA. Kibao kidogo cha chini kiliwaomba wageni wapige picha na waitume mtandaoni.

Makofi yalikuwa bado yanaendelea Testa alipoinuka. Alipita mbele ya magoti ya mafundi akiomba radhi. Alikiona kabla hajafika: kimo cha kifua, cha tatu kutoka nyekundu, herufi nyeupe zilizofifia, lebo ya maktaba ikiwa bado imebandikwa chini ya mgongo, chini ya vanishi. Aliweka vidole viwili juu ya mgongo wake, pale anapopajua, akavuta kama alivyovuta mara tatu kwa wiki kwa miaka miwili.

Hakikuja. Alivuta kwa nguvu zaidi. Kucha iliteleza kwenye kitu kigumu na laini kama kigae. Alipapasa sehemu ya juu, akazigusa kingo za kurasa. Zote zilikuwa humo, mia moja na kumi na mbili zile na nyinginezo, zimeshikana kuwa tofali moja.

"Baba," Meneja alinong'ona, amefika kwa haraka bila kuonekana anakimbia. "Baba, hairuhusiwi kugusa."

"Kimo humu," Testa alisema. "Hiki hapa. Ndicho hiki nilichokuuliza."

"Naelewa. Ila ni mapambo."

"Nikitoe tu. Ninakili, nitakirudisha. Nitakibandika mwenyewe."

"Baba, wageni wanatutazama."

"Mwache! Mwache hapo!" Aliyesema ni mpiga picha, aliyekuwa amepiga goti moja mbele yao. "Hiyo ndiyo picha ninayoitafuta tangu asubuhi. Fundi na kitabu. Mzee wangu, usinitazame mimi, kitazame kitabu. Rudisha mkono. Shika kama unakichukua."

Meneja alitoka kwenye picha. Bwana Saini aliingia, akaweka mkono wake juu ya bega la Testa. Ulikuwa mkono mzito na wa kirafiki.

Testa alishika kama anakichukua. Alipachika vidole vyote vinne juu ya kingo, dole gumba chini ya lebo, akauegemeza mguu mmoja nyuma, akavuta. Mishipa ya shingo ilisimama. Ubao ulilia kidogo mahali fulani ndani ya ukuta.

"Hapohapo," mpiga picha alisema. "Usiachie. Safi sana. Moja tena."

"Tabasamu, Testa," Bwana Saini alisema, midomo yake ikiwa tayari imetabasamu. "Keshokutwa tuna ngazi za kubeba."

Nyuma yao foleni ilikuwa imeshaanza. Mafundi walikuwa wakikung'uta ovaroli, na wageni maalumu wakitoa simu. Mwanamke aliyekuwa wa kwanza alimwuliza Meneja, kwa sauti ya chini ili asiharibu picha, kwamba zamu yake ikifika yeye ashike kipi.

"Chochote, mama," Meneja alisema. "Vyote ni sawa tu."

Testa hakuwa ameachia.